Mitungi ya Japani na Isnadi Iliyokatika

Mwaka 1717 Augustus, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland, alimpa jirani yake mfalme wa Prussia askari mia sita wa kikosi cha farasi. Hakumpa kwa ajili ya vita wala kwa ajili ya undugu. Alipokea badala yao vyombo vya kauri 151, na katika idadi hiyo mlikuwamo mitungi mirefu yenye vifuniko, iliyochorwa kwa rangi ya buluu. Askari wale walitiwa katika jeshi la Prussia. Mitungi ingalipo Dresden, na watu huiita mpaka leo kwa jina la askari hao, kana kwamba ni heshima kwa mtu kupewa chombo jina lake baada ya yeye mwenyewe kutolewa kuwa bei ya chombo hicho.

Vyombo vya badiliko lile vilikuwa vya Kichina. Lakini mfalme huyo huyo alikuwa mkusanyaji mkubwa wa kauri za Japani pia, na mwaka ule ule alinunua jumba ambalo baadaye liliitwa Jumba la Kijapani, akakusudia kulijaza kauri chumba baada ya chumba. Alikusanya vyombo zaidi ya 20,000. Mwenyewe aliandika kwamba kupenda kauri ni ugonjwa, na aliyeshikwa nao haoni kamwe kuwa amepata vya kutosha. Basi hapo alisema kweli. Sura ya At-Takathur ilikwisha kuueleza ugonjwa huo karne nyingi kabla yake.

Ndugu msomaji asidhani kuwa nataka kuharamisha mtungi. Uzuri ni neema, na kazi ya mkono iliyofanywa kwa uangalifu ni jambo la kusifiwa. Ninalotaka kulizungumza ni namna wakusanyaji wa mitungi na vyombo vya maua vya Japani, vya kale na vya sasa, wanavyovihukumu vitu hivyo. Kwani naona hukumu yao ina kasoro moja kubwa, na kasoro hiyo si ya macho bali ni ya moyo.

Fungua katalogi yoyote ya mnada. Utaelezwa urefu wa mtungi, umri wake, rangi zake, na kila ufa ulio juu yake hata uwe mdogo kama unywele. Kisha utapewa orodha ya waliopata kuumiliki: lodi fulani, kisha mjane wake, kisha tajiri fulani, kisha duka la London. Orodha hii huthaminiwa mno, na mtungi wenye orodha ndefu huuzwa ghali kuliko ndugu yake usio nayo. Sisi Waislamu hatuishangai desturi hii, maana tumelelewa katika elimu ya isnadi: nani amepokea kwa nani, naye kwa nani, mpaka ifikiwe asili. Lakini isnadi ya wakusanyaji huanzia kwa mnunuzi. Aliyeufinyanga mtungi hayumo. Wanavyuoni wa Hadithi wakiiona isnadi iliyokatika hivyo huirudisha kwa mwenyewe, tena bila ya kuona haya. Nami nadhani isnadi hii ya mitungi yafaa irudishwe, iungwe panapokosa kiungo, ndipo tuseme ni mtungi gani mzuri na ni upi usio mzuri.

Kauri ya Japani haikuanza kwa furaha. Kati ya mwaka 1592 na 1598 Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa ameitia Japani yote chini ya mkono wake, aliishambulia Korea mara mbili. Majeshi yaliporudi yalichukua mateka, na miongoni mwao walikuwamo wafinyanzi wengi, kwa kuwa mabwana wa Kijapani walikuwa wakivipenda vyombo vya Kikorea lakini hawakuwa na watu wa kuvitengeneza. Bwana wa jimbo la Saga, wa ukoo wa Nabeshima, alipata sehemu yake ya watu hao. Mmoja wao, Yi Sam-pyeong, ndiye anayesifiwa kwa kuligundua jiwe jeupe la kauri katika kilima cha Izumiyama, Arita, kiasi cha mwaka 1616. Kabla ya hapo Japani ilikuwa na vyombo vya udongo, tena vizuri sana, lakini kauri haikuwa nayo. Huko Japani mtu huyo alipewa jina la Kijapani, Kanagae Sanbee.

Tena alikuwapo mwanamke. Mumewe, mfinyanzi, alipofariki, yeye ndiye aliyewaongoza mamia ya Wakorea wenzake kuhamia Arita na kufanya kazi ya kauri huko. Jina lake la kuzaliwa halitajwi. Hujulikana kwa jina la Hyakubasen, yaani ajuza wa miaka mia, naye alifariki mwaka 1656 akiwa na miaka 96. Mwaka 1705 kitukuu wake alisimamisha jiwe la kumbukumbu lake katika hekalu moja la Arita. Nani katika wale wanaoshindana mnadani kwa mtungi wa Arita wa zama zile amepata kulisikia jina la bibi huyu?

Kauri ilipoanza kuleta fedha, utawala wa Saga ulikaza kamba. Mwaka 1637 uliwafukuza wafinyanzi Wajapani zaidi ya mia nane katika eneo la Arita, kwa hoja kwamba wanaimaliza misitu kwa kuni za matanuri, na kazi ikakusanywa katika matanuri machache yaliyo chini ya macho ya serikali. Baadaye likaanzishwa tanuri la bwana mwenyewe huko Okawachi, katika bonde lenye lango la ulinzi. Vyombo vilivyotoka humo havikuuzwa sokoni. Vilikuwa tunu za kupelekewa shogun na wakubwa wengine, na kilichotoka na dosari kilivunjwa. Siri ya rangi ilikaa ndani ya lango pamoja na mafundi wanaoijua.

Ajabu ni kwamba Augustus naye alifanya vivyo hivyo upande wa pili wa dunia. Johann Friedrich Böttger, kijana aliyejidai kuwa anajua kugeuza madini duni kuwa dhahabu, alifungwa naye Saxony kwa miaka mingi, na katika kifungo hicho ndimo siri ya kauri ilimopatikana Ulaya. Kiwanda cha Meissen kikafunguliwa mwaka 1710. Böttger alifariki mwaka 1719, umri wake miaka 37. Kwa hiyo mateka wa Korea na mfungwa wa Saxony wote wawili walifanya kauri chini ya ufunguo wa mtu mwingine.

Hata majina ya vyombo yanaficha habari. Mitungi mingi iliyofanywa Arita huitwa Imari. Imari ni bandari tu, ndipo mizigo ilipopakiwa majahazini. Ni kama kahawa iliyolimwa milimani Yemen kuitwa kwa jina la Mocha kwa sababu ilitokea bandari hiyo. Mlimaji na mfinyanzi wanasahauliwa, jina linabaki na forodha.

Na kwa kuwa tumeitaja Mocha, tusisahau kuwa sehemu ya historia hii ni yetu. China ilipoingia katika vita vya kubadilisha dola, kuanzia miaka ya 1640, matanuri yake yakapwaya, na Waholanzi waliokuwa wakifanya biashara Nagasaki wakageukia Arita. Mwaka 1659 waliagiza vyombo kwa makumi ya maelfu, na miongoni mwa masoko waliyoyakusudia ni Mocha, palipokuwa na wanywaji kahawa. Kauri za Kijapani zilifika Uajemi, zikafika Istanbul, na katika jumba la Topkapi yapo mamia ya vyombo vya Japani kando ya maelfu ya vile vya China. Rangi ya buluu yenyewe, ambayo watu huiona kuwa ndiyo roho ya kauri, ina deni kwa Uajemi: kobalti ilisafirishwa kutoka huko hadi China, na Wachina wenyewe walikuwa na jina la kuiita buluu ya Waislamu. Kutoka China ilifika Japani. Kwa hivyo Mwislamu anayeutazama mtungi wa Arita hautazami kitu cha kigeni kabisa.

Sasa tuitazame mitungi yenyewe.

Ninaanza na ile inayopendwa zaidi, seti za Imari za mwisho wa karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18: mitungi mitatu yenye vifuniko na vyombo viwili vya mdomo mpana, buluu, nyekundu na dhahabu, vimefanywa vitano vitano ili vipangwe juu ya kabati au meko ya matajiri wa Ulaya. Wakusanyaji huzililia. Mimi naona aghalabu zina kelele. Hapana pa kupumzisha jicho. Penye nafasi ya shubiri moja fundi ametia ua, na penye nafasi ya kidole ametia dhahabu. Simlaumu fundi. Aliambiwa kuwa mnunuzi wa mbali anataka kuona fedha yake, naye akamwonyesha. Ni mitungi iliyozaliwa bila ya kazi, maana mtungi mwenye kifuniko asili yake ni kuhifadhi kitu, na hii haikukusudiwa kamwe kutiwa hata punje.

Iweke karibu na mtungi wa Kakiemon wa zama hizo hizo, kama ile ya pande sita iliyoko Hampton Court, Uingereza, tangu enzi ya Malkia Mary wa Pili. Hapa rangi ni chache, na zimewekwa upande mmoja, tawi linapanda, ndege wawili watatu, kisha uwanja mweupe umeachwa. Weupe huo si kama wa karatasi, una joto kidogo. Mafundi wa huko huuita nigoshide, neno lenye asili ya maji yanayotoka mtu anapoosha mchele, na kila aliyepata kuosha mchele wa pishi ataijua rangi hiyo bila ya kufika Japani. Siri yake ilipotea katika karne ya 18, na ilirudishwa mwaka 1953 na Kakiemon wa kumi na mbili pamoja na mwanawe. Picha za viumbe zina hukumu yake, na wanavyuoni wamelieleza, siingii humo. Nasema tu kuwa fundi aliyeweza kuacha uwanja mtupu alikuwa na nafsi iliyoshiba.

Kisha utie mkono ndani. Mitungi mikubwa ya kale haikuinuliwa kwa udongo mmoja juu ya gurudumu. Ilifanywa vipande viwili au zaidi, ikaungwa kwa udongo wa majimaji, kisha ikachomwa. Ukipitisha vidole kwa ndani utaikuta mahali kiungo kilipo, kama kovu lililopona. Nje fundi amelainisha kwa sababu ya mnunuzi. Ndani amelainisha, akilainisha, kwa sababu yake mwenyewe na Mola wake. Ndiyo maana mimi hupenda kuanza na ndani na chini, kwenye duara la kukalia ambalo halikupakwa rangi ya kung'aa, maana hapo udongo uko uchi na hauwezi kusema uwongo.

Walaghai wanaijua tabia hiyo. Nyumba ya Samson ya Paris, iliyoanza mwaka 1845, ilifanya kazi ya kuiga kauri za kila taifa, Imari na Kakiemon zikiwemo, na nyingi katika hizo zimeuzwa baadaye na watu wengine kuwa ni za asili. Msomaji anakikumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka akakuta umajimaji chini yake, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, akamlaumu kwa udanganyifu huo. Mnunuzi wa mtungi anafanya vile vile anapotia mkono ndani. Lakini naona wakusanyaji wanauogopa udanganyifu wa aina moja tu, ule wa umri. Mtungi ukiwa wa mwaka 1690 kweli, wameridhika; umetoka kwa nani na kwa hali gani, hawaulizi.

Pengine mtu atasema: vya kale vina doa la dhuluma, basi nitanunua vya sasa. Ni shauri jema, na mimi nalipenda, kwa sababu aliye hai anaweza kulipwa. Tangu mwaka 1955 serikali ya Japani huwateua mafundi wakubwa kwa cheo ambacho watu hukiita Hazina Hai ya Taifa, na huwapa ruzuku kila mwaka ili wafundishe. Mwaka 1971 ilitambua hata kikundi kizima cha mafundi wa nigoshide, jambo ambalo naliona la haki zaidi, maana chombo chenye jina la Kakiemon ni kazi ya mikono mingi: mmoja gurudumu, mmoja mistari, mmoja rangi, mmoja moto.

Lakini wakusanyaji wamekwisha kuugeuza wema huo. Siku hizi mtungi wa fundi mkubwa huja na sanduku la mbao nyepesi, limefungwa utepe, na juu ya kifuniko fundi ameandika jina lake kwa wino. Mtungi uliopotewa na sanduku hushuka bei. Hapo isnadi imeungwa, jina la mfanyaji limo. Lakini wapo wanaonunua sanduku. Wanaliweka kabatini likiwa limefungwa, wakingoja fundi afe.

Nami hapa nina swali la kifiqhi kwa ndugu zetu wenye uwezo, wa Ghuba na kwingineko, wanaokusanya vitu vya namna hii. Mtu akinunua mtungi aupambe nyumba yake, kwa rai ya wanavyuoni wengi hauna zaka, maana ni chombo cha nyumbani. Akinunua kwa nia ya kuuza bei ikipanda, huo ni mali ya biashara, na kila mwaka atauthamini na kutoa robo ya fungu la kumi. Sasa, mkusanyaji huyu kwa wageni wake husema, mimi nimependa sanaa. Kwa mtu wa benki husema, hii ni akiba yangu. Ni kauli ipi tuandike? Nia haiko katika sanduku la mtungi, iko kifuani, na anayeijua hadanganyiki kwa katalogi.

Katika mafundi wa zama zetu wawili wamenigusa. Tokuda Yasokichi wa tatu, wa Kutani, aliyefariki mwaka 2009, alirithi kwa babu yake siri za rangi za kale: kijani, manjano, zambarau, buluu nzito. Jamaa zake walizitumia kuchorea ndege na milima. Yeye aliziondoa picha zote. Akaziacha rangi zenyewe zizunguke mtungi, manjano inayeyuka kuwa kijani, kijani inazama kuwa buluu, huoni moja inapokoma wala nyingine inapoanza, kama anga baada ya Magharibi. Hakuna sura, hakuna maandishi, na bado mtu hachoki kutazama. Mwaka 2010 bintiye alilichukua jina hilo, akawa Yasokichi wa nne.

Wa pili ni Inoue Manji wa Arita, aliyezaliwa mwaka 1929. Yeye hata rangi aliziacha. Alifanya mitungi meupe mitupu, na akashikilia kwamba umbo lenyewe ndilo pambo. Jambo hili ni gumu kuliko linavyosikika. Penye ua, mkono ukitetemeka ua linaficha. Kwenye mtungi mweupe kosa la unene wa ukucha linaonekana toka mlangoni.

Naijua hoja itakayoletwa, kwamba hata wafalme wa Kiislamu walirundika kauri. Ni kweli. Mwaka 1611 Shah Abbas wa Uajemi alitoa vyombo 1,162 vya kauri ya China kuwa wakfu kwa kaburi la babu yake huko Ardabil. Juu ya kila chombo palichongwa alama ya wakfu, na katika alama hiyo mfalme alijiita mtumwa. Tofauti yake na Augustus ni kubwa: huyu alitoa watu akapata mitungi, yule alitoa mitungi ikamtoka mikononi. Lakini tusimfanye malaika. Miaka michache kabla ya wakfu huo, 1604 na 1605, Shah huyo huyo aliwang'oa Waarmenia wa Julfa makwao na kuwapeleka Isfahan, kwa sababu aliutaka ustadi wao wa biashara, na wengi walikufa njiani. Naandika haya kwa kuwa mwenye kuwadai wengine isnadi kamili hana ruhusa ya kuikata ya kwao.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na njia yao. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mihrabu ya msikiti mkuu ilipachikwa bakuli za kauri katika chokaa. Zilikuwa za Kichina, si za Kijapani, na bila shaka aliyezitoa alipenda zionekane. Hata hivyo bakuli iliyojengewa ukutani haiuziki tena, wala hairithiwi. Anaiona kila aliyekuja kuswali, mwenye jahazi na mpagazi wake.

Ningepewa kuchagua mmoja, ningeacha seti ya Imari pamoja na lodi wake, nikachukua mtungi mweupe wa Inoue. Ningeutoa sandukuni, nikaugeuza kwanza nione chini, kisha ningeutia maji na tawi la mwasmini, na watoto wa nyumba ningewaambia jina la aliyeufanya, na la bibi yule wa Korea aliyefika Arita kabla yake.